Wanja wa Mbwera na Vingine Nilivyovitupa

Wasichana wa saluni, nimestaafu. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kuremba maharusi, kuanzia Kibiti mjini mpaka huko kwenye visiwa vya delta, nami nimekubali upesi kwa sababu kuandika ni kazi ya kukaa. Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Kama maharusi wote wa Rufiji wangekubali kuolewa sebuleni kwangu, ningefanya kazi hii mpaka nizikwe na brashi mkononi. Lakini wao huolewa kwao, ng'ambo ya maji, jua linawaka, na mpambaji ndiye anayebeba sanduku.

Habari za kupaka siandiki. Kupaka mnajua, na simu zenu zinawafundisha mengine mapya kila asubuhi, mpaka juzi nimemwona mmoja wenu kajichora pua ya pili juu ya ile aliyozaliwa nayo. Nitaandika habari za kutupa. Nyuso nyingi nilizoziona zimeharibika hazikuharibiwa na mkono mbaya. Ziliharibiwa na kitu kizuri kilichokaa mno. Na nitakaa zaidi kwenye ile harusi ya Mbwera, ambako kulikuwa na macho mawili ya bi harusi ya kuyaokoa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema neno.

Nilianza kwa Bi Saada, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kumfanya mtu aipende saluni. Saluni yake ilikuwa kibanda cha bati kando ya barabara kuu, ukuta kwa ukuta na muuza chipsi. Saa saba mchana lile bati lilipika kila kilichokuwa chini yake, sisi tukiwemo. Siku yangu ya kwanza Bi Saada alinipa ndoo iliyojaa vipodozi, akasema, "Chagua. Vizima weka mezani, vibovu tupa shimoni." Akaenda zake sokoni.

Nikachagua kwa macho. Vyenye makopo ya rangi ya dhahabu na vifuniko vya kung'aa nikavipanga mezani kama maharusi. Vyenye makopo ya plastiki, bila maua, shimoni. Bi Saada aliporudi akaitazama meza, akatoka akalitazama shimo, akarudi akaketi.

"Mwajuma mwanangu," akasema, "umewatupa walio hai, umewaweka marehemu mezani."

Mchana wote huo nilikuwa shimoni na ufito, ninavua poda kutoka kwenye maganda ya viazi ya jirani. Wateja walipouliza yule binti anafanya nini huko, Bi Saada alijibu, "Anasoma."

Na kweli nilisoma. Bi Saada alinifundisha kuanza na pua. Lipstiki nzima hunukia pipi, au haina harufu kabisa. Iliyokufa hunuka mafuta ya kukaangia ya juzi, na ukiifungua utaikuta imetoka jasho, vitone vidogo kichwani. Faundesheni iliyojitenga, maji juu na rangi chini kama maziwa yaliyoganda, usiitikise ukajifanya hukuona. Poda ikifanya ngozi ngumu ya kung'aa juu, hayo ni mafuta ya nyuso za watu wote walioitumia. Ikwangue mara moja, na ngozi ikirudi, iage. Brashi inayoacha nywele usoni imeshaomba ruhusa ya kuondoka. Sifongo ikishindwa kurudi umbo lake ukiiminya, au ikiwa na madoa meusi ndani yasiyotoka kwa sabuni, usiipe nafasi nyingine. Kibanio cha nyusi kikishika kutu, na kile kikunja kope kikichanika mpira wake, hakuna maombi.

Vya macho ndivyo vya kutupa kwanza. Shavu lina subira na mdomo hulalamika mapema, lakini jicho hukaa kimya, halafu kesho yake halifunguki. Maskara ukishaifungua, miezi mitatu imetosha, hata kama imebaki nusu, hata kama ni zawadi ya mchumba. Ikikauka usiiongeze maji. Wala usiitemee mate. Na msiseme hamtemei, nimewaona.

Nilibandika kipande cha plasta ya gundi kwenye kila kopo, nikaandika mwezi niliolifungua. Wateja walidhani ni mwezi wa kuzaliwa wa mwenyewe. Mmoja aliniuliza mbona vipodozi vyangu vyote ni vya mwezi wa nne, nikamwambia kwa sababu mwezi wa tatu nilitupa vyote.

Na ukitupa, haribu. Kata, vunja, mwaga. Hili sikufundishwa. Nilitupa lipstiki nyekundu shimoni asubuhi, na siku ya pili nikaiona imekaa vizuri kabisa mdomoni kwa mama wa maandazi. Akaniuliza, "Shoga, inanipendeza?" Ningesema nini? Ilimpendeza.

Sasa Mbwera. Wakati huo Bi Saada alikuwa amekwisha kuniachia saluni, na mwenzangu alikuwa Kabula, mke wa mwalimu mmoja wa sekondari. Kabula ni Mnyamwezi wa Tabora, msusi ambaye mkono wake haujawahi kukosea mstari, lakini maji alikuwa ameyaona kwenye ndoo tu. Tuliitwa kumpamba Zuhura, binti fundi cherehani ambaye alikuwa amejishonea mwenyewe gauni la harusi, shela na mapazia ya chumba.

Tulipanda boti ya mashine kutoka Nyamisati kwenda huko visiwani. Mimi nilikuwa nimekumbatia sanduku la kazi nililolifunika kwa khanga mbichi lisipikwe na jua, na roho yangu ilikuwa imebaki Kibiti kwenye mkeka wangu. Kabula alikuwa amemkumbatia abiria asiyemjua. Kinamama wa botini wakamfurahia sana.

"Mnyamwezi, umelipa nauli ya kukaa juu ya mtu?"

"Mwacheni, kwao mamba wanawaona kwenye kitabu."

"Tukizama, sisi tutaogelea. Wewe utatembea chini mpaka Tabora."

Kabula alizidi kumbana yule abiria. Nilimsikia tu akinung'unika, "Nitawalipa. Nikifika nchi kavu, nitawalipa."

Tulifika maji yakiwa yanatoka. Nyumba ya harusi ilijaa wanawake na moshi wa pilau, na katikati ya chumba cha bi harusi alikaa Bibi Mwanahamisi, nyanyake Zuhura, mwembamba, mkali wa macho, anaelekeza kila kitu kwa kidole. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, kilikuwa kidau cha wanja. Pembe nyeusi imefungwa shaba, na kijiti chake kimoja.

Nyumba ile ina desturi yake. Asubuhi ya harusi wanawake wote wa ukoo hupaka wanja kutoka kidau kile kile, kwa kijiti kile kile, kuanzia mkubwa kushuka, na bi harusi huwa wa mwisho, ili kila mmoja amwachie heri yake. Nikauliza kwa adabu wanja huo ulitengenezwa lini. Mama yake Zuhura akajibu kwa fahari, "Huu? Huu ndio nilioolewa nao mimi."

Nikavuta harufu kidogo. Ulinuka samli iliyosahauliwa ndani ya soksi.

Hata hivyo si harufu iliyonitoa jasho. Mlangoni aliingia shangazi Tabia, dada wa baba wa Zuhura, amevaa dira jipya, na macho yake mawili mekundu kama pilipili iliyoiva, yana tongotongo pembeni, anayafikicha kwa ncha ya mtandio.

"Pole shangazi," nikasema. "Macho yana nini?"

"Vumbi tu."

"Vumbi?" akasema Kabula. "Si umekuja kwa boti?"

"Vumbi la botini," akasema shangazi Tabia, akaenda kukaa kwenye foleni, wa pili, nyuma ya Bibi.

Wasichana, mimi nimesoma ndoo ya Bi Saada. Nikayahesabu kichwani: wa kwanza Bibi, wa pili shangazi Tabia, wa tatu mamkubwa Rehema, wa nne mama wa bi harusi, wa mwisho Zuhura. Kijiti kile kile. Usiku ule Zuhura alikuwa afunuliwe shela mbele ya mumewe, na asubuhi yake angeamka kope zimegandana kama bahasha.

Nikajaribu upole. Nikatoa wanja wangu wa penseli, mpya, haujafunguliwa. "Zuhura mwanangu, si ungepaka huu, unakaa zaidi?"

Zuhura akanitazama kama nimemwambia aolewe bila kichwa. "Da Mwajuma, bila wanja wa Bibi sitoki chumbani."

Nikajaribu ujanja. "Basi leo tuanze na bi harusi, maana mimi nina kazi ndefu kwenye uso."

"Aanze mdogo?" akauliza Bibi, na chumba kizima kikageuka kunitazama. Nikakumbuka ghafla kwamba nina brashi za kupanga.

Kusema ukweli mbele za watu ilikuwa haiwezekani. Ningemwambia nani? Shangazi wa bi harusi, kwamba ameleta maradhi harusini? Angeondoka na upande mzima wa baba, na ndoa ingefungwa pilau likiwa la upande mmoja. Mimi pia ni Mndengereko, mtoto wa hapa hapa, kwa hiyo ukaidi wangu ungehesabiwa kuwa dharau. Bibi akapaka. Shangazi Tabia akapokea kijiti, akapaka jicho la kulia, akapaka la kushoto, akakirudisha ndani ya kidau, akakikoroga kidogo. Alikikoroga, jamani. Mamkubwa Rehema akapokea, akapaka.

Mama wa bi harusi akanyoosha mkono.

Hapo ndipo macho yangu yalipomwangukia Kabula, amekaa pembeni na kinyongo chake cha botini, na nikakumbuka kitu ambacho ningepaswa kukikumbuka tangu mlangoni. Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani wa tangu na tangu. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani, akaondoka na kuku wako harusini, na wewe ukikasirika unaonekana huna malezi. Nikainama sikioni kwake.

"Kabula, hawa ni watani zako."

"Najua. Nawatafutia la kuwafanyia."

"Kile kidau kikimfikia Zuhura, kesho haoni."

Kabula alisimama, akakinyakua kidau na kijiti chake mkononi kwa mama wa bi harusi, akakiinua juu ya kichwa na kupaza sauti, "Wandengereko! Mlinicheka majini, sasa nimewakamata! Mateka huyu hapa!" Akatoka mbio.

Yowe lililopigwa nyumba ile sijalisikia tena. Wanawake wote nje, madira yameinuliwa mpaka magotini, wanacheka na kutukana pamoja. "Mkamateni Mnyamwezi!" "Mzungukieni kwa jikoni!" Mpishi wa pilau alitoka na mwiko akajiunga bila kujua kunatafutwa nini. Kabula akazunguka nyumba, akaruka kamba ya mbuzi, akashuka kuelekea mkondo, akaurukia ili akamwage wanja majini.

Lakini maji yalikuwa yamekupwa. Msichana wa Tabora alitua kwenye tope la mikoko mpaka magotini, akasimama humo wima kama nguzo, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Na hapo hapo, mbele ya ukoo mzima uliojipanga ukingoni, akakipindua kidau, akakigonga kitako, gonga, gonga, mpaka donge la mwisho likatoka. Kijiti akakivunja vipande viwili, akavirusha kila kimoja upande wake.

"Nimemaliza!" akapiga kelele. "Sasa nitoeni!"

Kicheko kilikatika. Bibi Mwanahamisi alikuwa amefika ukingoni, kwa mwendo wake, akishikilia bega la Zuhura. Zuhura alikuwa analia. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kurudi Kibiti kwa miguu.

Bibi alimnyooshea Kabula kidole. Halafu akasema, "Mnyamwezi."

"Naam, Bibi."

"Umemwaga wanja wangu."

"Nimeumwaga, Bibi. Na ulikuwa unanuka, watani zangu, mnajipaka mzoga!"

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Bibi alikuwa anatikisika, mabega juu chini, na nilidhani analia mpaka niliposikia sauti. Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Mtoeni," akasema. "Mtani hakasirikiwi. Lakini mtani hulipizwa. Kama leo ni siku ya kutupa vya zamani, nileteeni mkoba wa yule aliyemnong'oneza. Nilimwona."

Wasichana, sanduku langu la kazi lilikuwa safi, plasta kila kopo, lingeweza kukaguliwa na malaika. Lakini hawakuleta sanduku. Walileta mkoba wangu mwenyewe, wa begani, ambao hata mume wangu haingizi mkono bila kusema bismillahi. Bibi akaufungua hadharani, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukinusa.

"Hii lipstiki ina sisimizi."

"Ameingia leo, Bibi."

"Ameingia leo na amejenga?" Akairusha kwenye tope. Wanawake wakapiga vigelegele. Akatoa kitana. "Meno yako wapi?" Topeni. Akatoa sifongo yangu, akaishika kwa kucha mbili. "Hiki kilikuwa kiumbe gani?" Topeni. Kisha akatoa poda yangu ya kioo, yenye ufa, imebaki ukingo tu pembeni kama ukoko wa sufuria.

"Na hii?"

"Niliolewa nayo, Bibi."

"Na mume?"

"Yupo nyumbani."

"Basi mume mweke," akasema Bibi Mwanahamisi, na poda yangu ya harusi ikapaa, ikang'aa juani mara moja, ikatua karibu na goti la Kabula, aliyekuwa bado hajatolewa na alikuwa anashangilia kuliko wote.

Zuhura naye alikuwa ameanza kucheka, machozi bado mashavuni. Lakini akamgeukia nyanyake. "Bibi, sasa mimi nitapaka nini?"

"Utapaka wanja wangu," akasema Bibi. "Kwani nimekufa? Mama yako aliutunza ule kama kaburi, mimi nilimwona nikanyamaza, nikajua siku moja atachoka. Leteni sahani ya udongo, pamba na mafuta ya nazi. Mnyamwezi ataosha kidau kwa maji ya moto, ndiyo faini yake."

Kabula akang'olewa na kinamama sita na kamba ya mbuzi. Viatu vilibaki, na nadhani bado viko huko. Akakisugua kidau kwa maji ya moto na sabuni, akakianika juani. Bibi akawasha utambi wa pamba kwenye mafuta, akafunika sahani safi juu yake, na masizi yalipotosha akayakwangua kwa kisu, akatia tone la mafuta ya nazi, akakoroga kwa kidole chake. Ulikuwa mweusi wa kumeta, haunuki kitu. Mimi nikatoa pakiti yangu ya vijiti vya pamba, nikasema kila mtu achukue chake, na safari hii hakuna aliyebisha, kwani nani angembishia mwanamke aliyevuliwa mkoba?

"Aanze mdogo," akasema Bibi, kana kwamba wazo ni lake. Akampaka Zuhura kwa mkono wake mwenyewe, polepole. Shangazi Tabia nikampa miwani yangu ya jua, nikamwambia ni kwa ajili ya lile vumbi. Akaivaa mpaka mwisho wa harusi, na akasifiwa.

Baada ya siku chache Zuhura alinipigia simu. Sikumruhusu hata asalimie. "Macho?"

"Yangu mazima, da Mwajuma. Ya mamkubwa Rehema yamefumba yote mawili, anaongozwa chooni. Anamlaani shangazi Tabia, na shangazi anasema ni vumbi."

Nilikaa chini mlangoni kwangu nikacheka mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Nilidhani yameisha. Lakini harusi iliyofuata kule Mbwera waliniita tena, wakasisitiza nije na Kabula, na tulipofika tukakuta wamekwisha kumwekea mkeka na kidau mbele yake, wanamsubiri amnyakue mateka. Nyumba ya pili ikaiga. Wakaongeza na vingine, wakamletea poda za kina shangazi, maskara zilizokauka, vitana, na yeye akawa anashuka navyo mkondoni huku anakimbizwa, watoto wanashangilia, na mwanamke ambaye kipodozi chake hakikutupwa anaona ametengwa. Sasa kule wanaamini kabisa kwamba bi harusi hapambwi mpaka Mnyamwezi atupe kwanza. Ukiwauliza ilianza lini, wanasema tangu zamani.

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na mama mmoja wa huko. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka wangu, na kabla hajamaliza salamu nikaanza kueleza habari za mgongo, na kwamba nimestaafu, na boti siziwezi tena.

"Pumzika, mama, wala usijisumbue," akasema yule mama. "Sisi tunamtaka Mnyamwezi."

"Na uso wa bi harusi je?"

"Kupaka tutapaka wenyewe. Kutupa ndiko kunakotushinda."